Ndege Imetoka Boksini Inang'aa, Je Niirushe?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanazunguka kitu kimoja, zile seti za ndege za rimoti zinazokuja zimeshaundwa kiwandani kwa sehemu kubwa, bawa limeshafunikwa, mkia umeshakatwa, kazi yako ni kuunganisha vipande na kufunga mota na sevo, vile vimota vidogo vinavyosukuma usukani na vipande vya bawa. Boksini zinaandikwa ARF, maana yake karibu tayari kuruka. Nimechagua barua sita, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu najua wengi wenu mna boksi kama hilo chini ya kitanda sasa hivi mnasubiri wikiendi.

SWALI: Fundi habari za kazi. Kaka angu katoka Dubai kaniletea ndege ya balsa, ile mbao nyepesi sana, bawa lina mita moja na nusu na kitu, inatumia mota ya umeme. Aisee inang'aa, nyekundu na nyeupe, kila kitu kimenyooka. Maelekezo yanasema masaa nane tu unakua umemaliza. Sasa jamaa mmoja ananiambia hizi za kiwandani gundi yake haishiki, nibomoe nianze upya. Mwingine anasema acha woga we rusha. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Nzuri kaka, na hongera kwa ndege. Usimsikilize yeyote kati yao. Usibomoe, na usirushe bado.

Ngoja nikuhadithie yaliyonikuta. Nilikua na ndege ya kujifunzia ya aina hiyohiyo, bawa juu, mita moja na sentimita sitini, imetoka boksini safi kabisa. Nikaifunga jioni mbili, nikairusha mara kumi na moja bila tatizo lolote, mara ya kumi na mbili nimeipandisha nimetoa gesi yote, yaani nguvu yote ya mota, nikasikia mlio umebadilika ghafla, kutazama juu naona pua haipo. Mota na propela zinaning'inia kwa nyaya chini ya ndege, na ndege bila ule uzito wa mbele ikainua pua, ikasimama hewani kama imegonga ukuta afu ikaanguka kwa mkia. Bahati uwanja ulikua mtupu, watoto walikua wameenda kunywa maji.

Nilipookota mabaki nikakuta kitu ambacho sijakisahau mpaka leo. Ule ubao wa mbele unaoshika mota, tunauita fayawoli, ulikua umetoka mzima mzima, haujavunjika. Upande wa kulia kulikua na mstari mwembamba wa gundi unang'aa kama ute wa konokono. Upande wa kushoto hamna kitu, mbao nyeupe safi kama muhogo uliomenywa, hata alama ya gundi kugusa pale hamna. Yaani ndege ile iliruka mara kumi na moja ikiwa imeshikiliwa kwa upande mmoja.

Sasa kwanini kiwanda kinaachia kitu kama hicho kipite? Watu wengi wanadhani ni mbao mbovu. Hapana. Mbao za siku hizi zinakatwa kwa leza, kila kipande kinaingia kwenye mwenzake kwa kubana kabisa, na hapo ndo ugonjwa unapojificha. Kipande kikibana vizuri kinakaa bila gundi, ukikishika kimekaza, ukikiangalia kimenyooka, mkaguzi anapitisha. Fundi wa mbao wa kwetu akiunga kitu bila gundi kinacheza palepale anajua amesahau, ila cha leza hakichezi. Afu leza yenyewe inaacha ukingo umeungua, mweusi, na supaglu haipendi masizi, inakauka juu juu bila kuingia kwenye nyuzi za mbao. Ongeza na hili, yule dada au kaka aliyeko kwenye mstari wa kiwanda ana ndege nyingine zinamsubiri nyuma ya hiyo ya kwako, anadondosha tone moja anasogeza, simlaumu hata kidogo maana ndo kazi aliyopewa.

Kwahiyo ile "karibu" iliyoandikwa kwenye boksi ichukulie kama kazi uliyoachiwa wewe. Wamekuundia umbo, ukaguzi umebaki wako. Na masaa nane waliyoandika ni ya kufunga tu, we weka na jioni moja zaidi ya kukagua.

Fanya hivi. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ingiza mwanga ndani ya bodi kwa mbele huku unachungulia kwa kule wanakofunga bawa. Pale fayawoli inapokutana na kuta za bodi unatakiwa kuona gundi imejaa kwenye kona, imetengeneza kajipindo kama sakafu ya saruji inavyopanda ukutani. Ukiona kona kali tupu, hapo hakuna kitu. Kona usiyoiona tumia kakioo ka kujipodolea, muazime shemeji. Afu shika bodi kwa mikono miwili sukuma fayawoli kwa vidole gumba, kushoto, kulia, juu, chini, na sikio lako liwe karibu. Ikilia kach hata kidogo, gundi hamna.

Ukipata pengo, na kwa uzoefu wangu utalipata, changanya epoksi, ile gundi ya chupa mbili, ya dakika 30, sio ile ya dakika 5 kwasababu ya dakika 5 inaganda kabla haijaingia kwenye mbao na ikikaa juani inalegea, paka kwa kijiti cha aiskrimu kuzunguka kona zote nne kwa ndani. Kabla ya hapo piga msasa kidogo kuondoa ule weusi wa leza. Usimwage, gramu tano zinatosha. Viungo vingine vya ndani vya balsa vinavyokaa wazi vitiririshie supaglu nyepesi, ile kama maji, inajipenyeza yenyewe.

Baada ya hapo nenda kwenye kile kibao cha chini kinachoshika miguu ya matairi. Hicho ndo cha pili kwa kung'oka, na kikitoka kinatoka na nusu ya tumbo la ndege. Hapo napenda kuongeza vipande viwili vya pembetatu vya mbao kwa ndani na epoksi ileile. Afu zile nati zenye meno zilizopachikwa nyuma ya fayawoli, zijaribu kwa boliti kabla hujafunga mota, maana ikizunguka pamoja na boliti wakati mota imeshafungwa utalia, huwezi kuifikia tena.

Bawaba za mkia na za eleroni, vile vipande vinavyocheza nyuma ya bawa, usiamini kwa macho. Shika bawa kwa mkono mmoja, eleroni kwa mwingine, vuta kwa nguvu ya mtu anayevua soksi ya mtoto. Seti nyingi zinakuja bawaba zimechomekwa tu hazijagundishwa, imeandikwa kwenye maelekezo lakini kwa herufi ndogo na watu wanaruka huo ukurasa kwasababu wanaona tayari kipande kimekaa mahali pake. Kama ni zile nyembamba kama kitambaa, weka matone matatu ya supaglu nyepesi kila upande, subiri, vuta tena.

Mwisho mizani. Kwa bawa la kawaida lililonyooka kama lako uzito wa ndege unatakiwa ukae kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Upana ukiwa sentimita 25, basi ni sentimita sita na robo hadi nane na robo, mara ya kwanza kaa kwenye saba. Inua ndege kwa ncha za vidole hapo, betri ikiwa ndani, ikae sawa au pua iinamie chini kidogo. Hesabu hii ifanye wewe mwenyewe hata kama maelekezo yametaja namba, nimeshaona karatasi moja inasema namba moja kwenye picha na nyingine kwenye maandishi.

Ukimaliza hayo, rusha kaka. Umbo walilokuundia ni zuri, na mimi na wewe tungetumia miezi kufikia ule unyoofu.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Maskati, asili yangu Unguja. Nilinunua ndege ya kiwandani mwezi wa tatu, filamu ya juu, ile plastiki nyembamba iliyofunika mbao, imekaza kama ngoma. Sasa tumeingia kiangazi, bawa zima limejaa makunyanzi, pengine limetuna mapovu. Duka nililonunulia wanasema kosa langu kuliacha ndani ya gari. Kweli ni kosa langu?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Gari lina sehemu yake, hilo siwezi kulikataa, gari lililofungwa kwenye jua la Omani linachemka na rangi nyeusi au buluu nzito inavuta joto kupita nyeupe. Ila sababu yenyewe imeanza kabla hujanunua. Viwanda vingi vya ndege hizi viko kusini mwa Uchina na Vietnam, huko hewa ina unyevunyevu sana, mbao inafunikwa ikiwa imekunywa ule unyevu. Inafika kwenu, ikiwekwa kwenye nyumba yenye kiyoyozi mchana na usiku, mbao inakauka inasinyaa kidogo, filamu inabaki na saizi ileile. Nguo ya mtu mnene amevaa mwembamba. Hayo makunyanzi yangekuja hata ungeiweka kabatini.

Dawa ni pasi. Kama huna ile ndogo ya kazi hii, pasi ya safari inafaa, ivalishe soksi ya pamba isikwaruze. Anza na joto la kama digrii 100, pitisha kwanza kwenye kingo zote, ukingo wa mbele wa bawa, pale rangi mbili zinapokutana, na kuzunguka bawaba, mpaka ushike vizuri. Hii ndo sehemu ya maana, maana ukianza na kukaza katikati wakati kingo hazijashika utavuta filamu yote itoke pembeni. Ukishafunga kingo ndo unapandisha joto taratibu, wengi wanaishia karibu na 150, na unapitisha juu ya makunyanzi bila kugandamiza. Mapovu yaliyo juu ya mbao ngumu yatoboe kwa sindano kwanza, hewa ipate pa kutokea.

Na jambo moja usilipite. Kunyanzi katikati ya bawa ni sura tu, halikuangushi. Filamu iliyoinuka kwenye ukingo wa mbele hata sentimita mbili, hiyo usiruke nayo, upepo ukiingia hapo unaichana mpaka nyuma. Halafu angalia bawa kwa nyuma, kama mtu anayepima kama mbao imepinda, kwasababu filamu ikikaza upande mmoja kuliko mwingine inasokota bawa zima, na bawa lililosokotwa litaitupa ndege upande mmoja ukipunguza mwendo kutua. Likiwa limesokotwa, lipindishe kinyume kwa mkono huku mwenzio anapitisha pasi, shikilia mpaka lipoe.

SWALI: Niaje fundi, mimi ni wa Ruaka, Nairobi. Nilinunua ndege ya foamu, ile ya kuunganisha skrubu nne tu, mota imekuja ndani, propela imekuja ndani, nikafuata kitabu neno kwa neno. Video ya watengenezaji inapaa kwa mita kumi kwa nyasi. Yangu inakimbia mpaka mwisho wa uwanja haipai, na ikipaa inaangukia bawa moja. Nimeuziwa feki ama?

JIBU: Poa kaka. Si feki. Uko juu sana.

Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15, na mchana wa joto inakaribia 20. Kiwanda kilichagua hiyo propela na kupiga hiyo video kwenye hewa nzito, haikuwaza Ruaka. Propela inasukuma hewa, hewa ikiwa kidogo msukumo unapungua. Bawa nalo linahitaji kwenda kasi zaidi, kwa hesabu ni kama asilimia 8 hadi 12 zaidi, ndo lipate mbebeko uleule. Kwahiyo mambo mawili yamekukuta kwa pamoja, unahitaji kasi zaidi na una nguvu kidogo. Na kule kuangukia bawa moja ni kwamba unavuta eleveta, kile kipande cha mkiani kinachoinua pua, mapema, bado ndege haijafikia mwendo wake, unaivuta kwasababu uwanja unaisha.

Weka propela kubwa kidogo. Kama imekuja na 10 kwa 5 (namba ya kwanza ni urefu wa propela kwa inchi) jaribu 11 kwa 5, mota yako hapo Nairobi inavuta umeme kidogo kuliko ingekua Mombasa kwahiyo ina nafasi ya kubeba. Ila usikisie, nunua ile mita ya kupima wati, ichomeke kati ya betri na spidi kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme kwa mota, toa gesi yote kwa sekunde chache tu huku mtu ameshika ndege vizuri, usome ampea. Spidi kontrola ikiwa ya ampea 40 ukiona 34 uko salama, ukiona 41 rudi nyuma. Na hakikisha propela haigusi chini pua ikiinama.

Afu matairi. Hizi seti zinakuja na vitairi vya kukimbia kwenye lami au nyasi za kukata kwa mashine. Kwenye nyasi zetu ni sawa na kuvuta mkokoteni kwenye mchanga. Funga makubwa zaidi, au toa kabisa uirushe kwa mkono, mwenzio arushe mbele sawasawa, asirushe juu.

Usisahau pia kuongea na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, tangu kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani mambo ya kibali yako wazi, na wewe hapo hauko mbali na njia za ndege za uwanja wa Wilson. Wasomaji wa Tanzania na nyie vilevile, TCAA, mamlaka ya anga ya kwenu, kwanza, uwanja baadae.

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Ohio, Marekani. Nimejiunga na klabu ya hapa, wazee wa uwanjani wana miaka sabini kwenda juu na kila nikifungua boksi wananicheka wanasema ndege za zamani ulijenga mwenyewe kijiti kwa kijiti na zilikua bora. Ni kweli zilikua bora au ni wazee tu wanakumbuka ujana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wana haki nusu, na hiyo nusu ni ya kuheshimu, kwahiyo kaa nao karibu.

Wanachokumbuka vizuri ni hiki. Mtu aliyejenga bawa mwenyewe kwa majira mazima ya baridi anajua kila kiungo kina gundi, kwasababu aliiweka yeye. Na alichagua mbao. Balsa sio kitu kimoja, inatoka mtini ikiwa na uzito tofauti tofauti, nyepesi ni kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, nzito inapita 200, ya kati ni kama 160. Mninga wetu unapita 600, ndo uone balsa ilivyo nyepesi. Mjenzi wa zamani alikua anapima vipande kwenye mizani ya jikoni, kilicho chepesi anapeleka mkiani, kizito anapeleka mbele. Kiwanda hakina muda huo. Mimi na rafiki yangu tulinunua seti mbili za aina moja siku moja, tukazipima kabla ya kufunga chochote, ya kwake ilizidi yangu gramu 140, na nyingi ya hizo zilikua nyuma, ikabidi afungie kipande cha madini ya risasi puani kusawazisha, yaani ndege inabeba mzigo wa kurekebisha mzigo.

Na mbao yenyewe imepitia misukosuko. Balsa nyingi duniani inatoka Ecuador, na mnamo 2019 na 2020 viwanda vya mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, hasa vya Uchina, viliinunua kwa kasi kubwa, watu wakakata mpaka iliyokua haijakomaa, bei ikapaa. Kwahiyo usishangae ukikuta sehemu ilipotakiwa kuwa balsa kuna plaiwudi nyepesi, au foamu.

Nusu nyingine ndo ujana. Waulize kwa adabu kuhusu vipande vya seti za zamani vilivyokatwa kwa kupondwa na visu vya mashine. Kisu kikishakua butu kilikua kinaponda mbao badala ya kukata, unafungua boksi unakuta mbavu za bawa zimesagika kingo, unaanza kuchonga upya. Leza imemaliza tatizo hilo. Mbavu za ndege yako zote zinafanana kuliko zile za mwaka wowote wanaoukumbuka wao.

Kitu ningekuangalizia zaidi wewe uliye huko ni vipuri. Mwaka 2018 kampuni ya Hobbico ya Champaign, Illinois, iliyokua na majina makubwa kama Great Planes na Top Flite, ilifilisika, baadhi ya majina yake yakanunuliwa na Horizon Hobby ya mji huohuo. Wenye ndege zao wengine walijikuta hawana pa kupata bawa wala kioo cha rubani. Kabla ya kununua boksi tafuta kwanza kama bawa lake linauzwa peke yake. Ukikuta linauzwa peke yake, watengenezaji wenyewe wanategemea ndege hiyo itengenezwe ikivunjika. Na kama ndege yako inafika gramu 250 au zaidi jisajili FAA, mamlaka ya anga ya huko, na ule mtihani wa bure wa TRUST wa wanaorusha kwa kujifurahisha ufanye hata ikiwa nyepesi, wazee watakuonesha.

Ombi langu, mwambie mmoja wa hao wazee akukague ndege kabla hujairusha. Mtu aliyejenga kwa mikono anaona kiungo kikavu kabla yako, na atafurahi umemuuliza.

SWALI: Fundi, Mombasa hapa, Likoni. Kila skrubu iliyokuja na ndege yangu imeshika kutu ndani ya mwezi, na mbili kichwa kimelika bisibisi inazunguka tu.

JIBU: Skrubu za boksini ni chuma laini, hilo ni karibu kila seti, sijaona ninayoisifia. Zitoe zote siku ya kwanza, peleka sampuli duka la skrubu ununue za stenlesi saizi hiyohiyo. Shimo la mbao lidondoshee supaglu nyepesi, liache likauke, afu ndo ufunge, uzi wa mbao unakua mgumu hausagiki. Vile vishikio vya plastiki vinavyobana waya wa eleveta vivalishe pete ya mpira, kata kipande cha mpira wa mafuta milimita tano. Nimeshaona ndege nzuri ikizama baharini kwasababu ya kishikio kimoja kuachia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa kijana wa miaka 14, tuko Mwanza. Amejiwekea hela ya kufuga kuku miaka miwili anataka ndege. Anaitaka ya kivita yenye bunduki bawani, ameiona kwenye simu, inaonekana imara. Mimi sijui lolote. Nimnunulie?

JIBU: Mama, kwanza mpe hongera kijana wangu, hela ya kuku ni ya jasho.

Hiyo ya kivita asubiri. Si kwamba imetengenezwa vibaya, bawa lake liko chini na ni fupi, inaenda kasi na haimsamehi anayejifunza, ataivunja siku ya kwanza na hela ya miaka miwili itaishia hapo. Mtafutie yenye bawa juu, ya foamu, na uulize muuzaji ni foamu gani. Kuna ile nyeupe ya punje punje kama ya boksi la televisheni, inavunjika kama biskuti na supaglu ya kawaida inaiyeyusha. Kuna inayoitwa EPO, ngumu kidogo, inashika supaglu na epoksi vizuri. Na kuna EPP, hiyo ukiikunja inarudi, kwa anayeanza ndo nzuri kupita zote ingawa sura yake haing'ai. Hapa mama usinunue kwa macho, nunua kwa vidole. Bonyeza kona ya bawa kwa kucha, ikirudi chukua.

Betri zake zinaitwa lipo, hizo zinataka adabu. Zichajiwe kwa chaja yake yenye waya wa kusawazisha, mtu akiwepo macho, isiwe kitandani wala usiku mmelala. Iweke kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, nje ya nyumba au barazani. Ikivimba hata kidogo isitumike tena. Na ikikaa wiki bila kuruka isiachwe imejaa, aiache kwenye volti 3.8 kila seli, chaja nzuri ina kitufe cha hilo.

Na kabla hajairusha, akae na wewe mezani, tochi ya simu, avute kila kipande huku wewe unahesabu. Bawaba ya kushoto, ya kulia, usukani, eleveta, mota. Sevo ndogo za gramu tisa zinazokuja na hizi seti zina meno ya plastiki, azungushe kila moja taratibu kwa kidole umeme ukiwa umezimwa, ikikwama au ikiruka jino muirudishe dukani siku hiyohiyo risiti ikiwa bado mkononi.